Kabati la Vichekesho vya Marehemu

Siku ya kwanza nilipofika nyumba ile ya Stanmore, London, mtu aliyenifungulia mlango hakuniuliza kama nimekunywa chai. Alinikabidhi karatasi. Ilikuwa imefunikwa kwa plastiki ngumu kama menyu ya hoteli, na juu yake kulikuwa na majina ya vichekesho vya zamani vya televisheni ya Kiingereza, kimoja kwa kila siku ya kazi, na pembeni ya kila jina alikuwa ameweka nyota. Vingine vilikuwa na nyota mbili, vingine tatu. Kimoja kilikuwa na tano.

"Mama anavipenda sana," aliniambia kwa Kiingereza, maana hakuwa na lugha nyingine ya kuniambia. "Yeye na baba walivitazama pamoja miaka yote. Saa nane kamili mchana. Tumeambiwa vitamsaidia akili isilale. Wewe chagua tu, lakini anza na vyenye nyota nyingi."

Kuchagua, kwa Kiingereza cha mwajiri, maana yake ni kutenda lile ambalo yeye amekwisha kuliamua.

Alikuwa daktari wa meno, mtu wa makamo, mwenye meno meupe kuliko inavyohitajika. Alikaa mtaa wa pili na mke wake, na kila asubuhi alipita kumwona mama yake kabla ya kwenda kazini. Mama alikuwa mjane wa miaka themanini na kitu. Kiharusi kilimchukua nguvu za mguu na mkono wa kushoto, lakini hakikugusa ulimi wala macho. Kazi yangu ilikuwa kumwogesha, kumpikia, kumpa dawa, na saa nane kamili kumchekesha kwa rimoti.

Mimi nakaa Neasden, na treni ya kwenda Stanmore hainilazimu kubadilisha popote, kwa hiyo nilikuwa na muda wa kutosha kila asubuhi kujiuliza nimefikaje hapa. Mombasa nilikuwa mwalimu wa Kiswahili, sekondari, miaka kumi na mmoja. London nilikuwa kea, kama tunavyoita sisi kazi ya kutunza wazee, na Kiswahili changu kilikuwa kimebaki cha kuzungumza na sufuria. Binti yangu ananisikia vizuri na kunijibu kwa Kiingereza. Sufuria angalau haijibu.

Kabati lenyewe lilikuwa sebuleni chini ya televisheni, la mbao nyeusi, milango ya kioo. Diski zilipangwa kwa alfabeti na kupanguswa vumbi kama vikombe vya ushindi. Nilizipitia zote wiki ya kwanza, kwa sababu mtu akiambiwa achague, hata kwa uongo, ni vizuri ajue anachokataa. Kulikuwa na ya majirani wawili wanaogombania ua wa miti ulio kati ya nyumba zao, misimu saba, na ua haukatwi. Kulikuwa na ya ofisi ya kuzika maiti, ambamo kila wiki jeneza huteleza ngazini na kila wiki watu hushangaa. Kulikuwa na ya mume ambaye mama mkwe wake amekuja kukaa siku mbili na hataki kuondoka. Hiyo niliitazama mdomo wazi. Kwetu, mtu akimfanyia mama mkwe wake vile, ukoo hukutana. Hapa ukoo ulikuwa umenunua diski.

Halafu kuna suala la suruali. Sijui Waingereza na suruali waligombania nini. Kila baada ya dakika kumi suruali ya mtu mzima ilianguka mbele ya kasisi, au mbele ya meneja wa benki, na ukumbi mzima wa watu wasioonekana ukapasuka kwa kicheko. Hao ndio waliokuwa wakinikera kuliko wote, hao wachekaji wasioonekana. Vichekesho vyenyewe ni vya zamani. Wengi wa waliocheka siku ile ukumbini sasa wako makaburini. Nilikaa Stanmore mchana kweupe nikisikiliza marehemu wakichekea suruali.

Nilijiwekea utaratibu wangu wa kuchagua. Sikuangalia nyota. Niligeuza kasha nikasoma nyuma urefu wa kipindi, nikachukua kifupi.

Na bibi? Bibi alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, shali ya kijivu mabegani, mkono mzima umeushika mkono mgonjwa kama mtu aliyebeba ndege. Alitazama. Alicheka pia. Lakini alicheka nyuma kidogo ya ule ukumbi, ha, ha, mara mbili, kisha akanyamaza, kama muumini anayeitikia amina kwa dua asiyoisikia. Nilimdharau kwa hilo, sifichi. Nilijiambia: mwanamke mzima, umri huu, anachekea suruali kwa kuamrishwa.

Tulizungumza kwa Kiingereza kidogo. Mwanawe aliniandikia kwenye faili ya matunzo lugha zake: Kigujarati, Kiingereza cha kutosha. Basi.

Wiki ya tatu nilichagua ile ya ofisi ya maiti. Jeneza likateleza. Mkuu wa ofisi, bwana mnene mwenye sharubu, akalikimbilia, akalikosa, suruali ikaanguka. Ukumbi ukapasuka. Nilikuwa nakunja taulo nyuma ya kiti cha bibi, na nikasema peke yangu, kwa sauti ya mtu aliye peke yake:

"Mpumbavu mkubwa huyu. Hivi anamchekesha nani?"

"Hapana chekesha mtu," akasema bibi.

Taulo likanidondoka. Nilizunguka kiti nikasimama mbele yake. Alikuwa bado anatazama televisheni.

"Mama, unajua Kiswahili?"

"Kidogo. Mimi zaliwa Kisumu. Baba yangu iko duka ya nguo."

"Mbona hukusema siku zote hizi?"

"Wewe hapana uliza."

Ningeuliza vipi? Stanmore imejaa Wahindi waliotoka Afrika Mashariki, hilo nalijua, lakini mwanawe alikuwa ameandika lugha za mama yake na Kiswahili hakukiandika. Kwake hakikuwa lugha. Hakuna mtu anayeandika kwenye faili kwamba mama yake anajua kupiga miayo.

Ungedhani nilifurahi. Siku mbili hivi nilifurahi. Kisha Kiswahili cha bibi kikaanza kutoka chote, na nikagundua kina vitenzi kama kumi tu, na vyote ni vya kuamuru. Lete. Peleka. Osha. Funga. Ngoja. Pika. Shangazi yangu alifanya kazi Mombasa kwa familia ya Kihindi ya aina hiyo, akalea watoto watatu wa watu wengine, na akifika kwetu mwisho wa mwezi alituigiza sauti ya mwajiri wake tukacheka mpaka tukalia. Sasa sauti ile ile ilikuwa inaniita mimi, kutoka kwenye kiti karibu na dirisha la London.

"Yaya! Lete chai!"

Niliweka chini kitambaa nilichoshika.

"Mama, mimi si yaya. Mimi ni mwalimu. Nimefundisha Kiswahili miaka kumi na mmoja."

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, bila ubaya wowote, na hapo ndipo palipouma.

"Kiswahili iko mwalimu?"

"Kina mwalimu," nilisema. "Kina sarufi, kina kamusi, kina mitihani watu wanafeli. Na kwa Kiswahili chenye mwalimu, chai inaombwa."

Nilifikiri nimejifukuzisha kazi. Kisha akasafisha koo.

"Mwalimu. Lete chai, tafadhali."

Nilimletea. Ushindi wenyewe haukuwa mkubwa, maana chai bado niliipika mimi.

Tangu hapo tulipatana kwa namna ya watu wawili wanaobishana. Nilimsahihisha kila sentensi, naye kila sentensi alinung'unika. Kiti hiki, si kiti hii. Maji haya. Mkono wangu. Aliyakumbuka leo na kuyasahau kesho. Lakini saa nane ikifika tuliacha masomo, nikafungua kabati, nikachagua, naye akacheka mara mbili nyuma ya marehemu.

Kilichobadilisha mambo ni ile ya nyota tano. Nilikuwa nimeikwepa. Jumatatu moja daktari wa meno alipopita asubuhi aliniuliza tumeitazama mara ngapi, nikasema bado, akasikitika kana kwamba nimemnyima mgonjwa dawa. "Ile ndiyo baba aliipenda kuliko zote," alisema. "Iwekeni leo."

Nikaiweka. Ilikuwa ya kiwanda cha biskuti, na katikati ya wafanyakazi kulikuwa na Mhindi. Ninasema Mhindi, lakini alikuwa Mwingereza aliyepakwa rangi ya kahawia mpaka masikioni, na nyuma ya masikio walisahau. Alitikisa kichwa kama mdoli. Alikosea maneno, wakacheka. Alikula biskuti kwa mkono kana kwamba Waingereza wanazila kwa uma, wakacheka. Alimwinamia msimamizi mpaka kofia ikamdondoka, wakacheka kuliko mwanzo.

Nilimtazama bibi. Hakucheka. Alikuwa amegeuza uso dirishani, kwenye bustani ambako hakukuwa na kitu.

"Mama, hii huipendi?"

"Ile mtu iko mzungu," alisema. "Paka rangi."

"Naona. Mwanao ameniambia mzee aliipenda kuliko zote."

Alianza kusema, kwa Kiswahili chake kilichovunjika, na siku hiyo sikumsahihisha hata neno moja.

Mume wake Kisumu alikuwa anafundisha hesabu. London alipata kazi ya karani katika ofisi ya bima, na kwenye ofisi hiyo alikuwa Mhindi peke yake. Kipindi kile kilikuwa kinaonyeshwa Jumapili jioni. Jumatatu asubuhi ofisi nzima ilikuwa inamsubiri. Walimwita kwa jina la yule wa kiwanda cha biskuti. Walimtikisia vichwa. Walimrudishia maneno ya jana, naye alitakiwa ajibu kwa maneno ya jana, ili wacheke pamoja na kazi ianze.

"Kama yeye hapana ona Jumapili," bibi alisema, "Jumatatu yeye hapana jua wao nacheka nini. Basi lazima ona. Yeye nakaa hapa, mimi nakaa hapa. Yeye nacheka, jifunza. Mimi hapana sikia Kiingereza ile miaka. Mimi naangalia uso yake tu. Yeye cheka, mimi cheka."

"Na baadaye? Ulipokijua Kiingereza?"

"Baadaye mimi sikia kila neno," alisema. "Basi ikawa mbaya zaidi."

"Na hizi nyingine zote?" Nilinyoosha mkono kwenye kabati.

"Kijana yangu fikiri baba napenda. Kila birthday ya baba, leta moja. Baba sema asante. Lazima ona, kijana iko hapa naangalia. Mwaka mwingine, leta moja tena."

Nilitazama zile diski zilizopangwa kwa alfabeti. Nimeona ujinga mwingi maishani, na mwingine nimeufanya mwenyewe, lakini sikuwahi kuona ujinga uliopanguswa vumbi vizuri namna ile. Miaka yote hiyo wanaume wawili na mwanamke mmoja walikuwa wamenunuliana, wameshukuriana na kutazamishana kitu ambacho hakuna aliyekitaka.

Nilichukua rimoti. Sikuzima televisheni, kwa sababu kwenye faili kulikuwa na sehemu ya kujaza kila siku, "kipindi kimetazamwa", na mimi sijazi uongo. Nilizima sauti. Nikaitoa ile ya kiwanda, nikaweka ile ya majirani na ua.

Chumba kilikuwa kimya. Jirani mmoja akatokea na mkasi, mwingine akatoka nyumbani kwake amevaa ndala, wakaanza kufoka midomo bila sauti. Sijui kilichonituma. Labda miaka kumi na mmoja ya kusimama mbele ya watu. Nilifungua mdomo nikamsemea yule wa mkasi kwa lafudhi ya mama mmoja wa mtaani kwetu, aliyekuwa hana dogo:

"Wewe! Sufuria yangu uliyoazima kwa arusi iko wapi? Arusi imepita, mtoto amezaliwa, mtoto anatembea, sufuria haijarudi!"

Yule wa ndala akapanua mikono.

"Sufuria gani? Ile iliyotoboka? Nimekuzibia tundu kukusitiri fedheha, sasa unanidai badala ya kunishukuru?"

Bibi aligeuza shingo kutoka dirishani. Mwenye mkasi akakata tawi.

"Nakata! Nakata mpaka sufuria yangu irudi!"

Ikatoka sauti ambayo sikuwahi kuisikia katika nyumba ile. Ilianza kama kikohozi. Nikamkimbilia nikidhani amepaliwa. Machozi yalikuwa yanamtoka na mkono mzima ulikuwa unapiga kiti, pa, pa, pa, na hakukuwa na ukumbi wowote wa kumwonyesha mahali pa kucheka.

"Endelea," alisema alipopata pumzi. "Mwalimu. Endelea, tafadhali."

Nikaendelea. Siku iliyofuata, na iliyofuata. Ofisi ya maiti tuliigeuza kamati ya mazishi, ambamo kila mjumbe anataka kuwa mweka hazina na hakuna anayetaka kushika jeneza, ndiyo maana linateleza. Kasisi wa suruali tulimfanya mchumba anayekuja kujitambulisha kwa wakwe. Mama mkwe wa kile cha mume tulimpa haki yake. Tulimfanya yeye ndiye mwenye nyumba, na mkwe ndiye aliyekuja siku mbili akakataa kuondoka. Picha haikupinga hata kidogo, na hapo nikajua vichekesho vile vilikuwa vitupu kiasi gani. Unaweza kuvijaza lolote.

Wiki ya pili bibi alianza kuchukua sehemu yake. Alipenda kuwasemea wanawake. Alikaa sawa kwenye kiti, akasubiri mke wa jirani atoke na sinia, kisha akapasua:

"Nyinyi wanaume! Chai iko baridi! Nyinyi napigana sababu ya miti, miti hapana taka nyinyi!"

"Haiwataki," nilisema.

"Haiwataki! Hata mimi siwataki!"

Siwataki. Nilimtazama. Hakugundua alichokisema. Hapana taka ilikuwa imekufa kinywani mwake bila kuugua.

Ilikuwa Alhamisi daktari wa meno alipotufuma. Mgonjwa wake mmoja hakuja, akapata nafasi ya kupita kwa mama. Hatukumsikia akifungua mlango. Mimi nilikuwa nimesimama katikati ya sebule, mikono kiunoni, namsemea maiti. Bibi alikuwa anamjibu kwa niaba ya mjane. Televisheni ilikuwa inaonyesha na haisemi.

"Nini hiki?" aliuliza.

Aliniita kwa jina langu la kwanza, ambalo hakuwahi kulitamka sawasawa, akaniuliza televisheni imeharibika? Nikasema haijaharibika. Akachukua rimoti akarudisha sauti. Wale wafu wa ukumbini wakalipuka wote pamoja, na nakiri nilishtuka, nilikuwa nimewasahau.

"Hivi ni vichekesho vya baba yangu," alisema. "Watu wameviandika kwa akili. Maneno ndiyo yenyewe. Wewe unamzimia mama yangu maneno halafu unampigia kelele ambazo," akatafuta neno, "ambazo hata si lugha yake."

Nilikuwa na jibu. Mwalimu huwa na jibu. Lakini bibi alitangulia. Alisema naye kwa Kigujarati, polepole, bila kupandisha sauti, na mara moja tu nilielewa neno, Kisumu. Alisema kwa muda mrefu. Sikujua anasema nini, ila nilimwona mtoto wake akikaa kwenye mkono wa sofa, kisha akiteleza mpaka kwenye sofa yenyewe, kama mtu aliyepigwa sindano ya ganzi. Mama alipomaliza, mwanawe alimjibu kwa Kiingereza.

"Si kweli. Alikuwa anacheka. Nilimwona."

"Mimi pia nilimwona," mama yake alisema, kwa Kiingereza vilevile. "Nilikaa karibu kuliko wewe."

Mwanawe alinyanyuka akaenda jikoni. Tulimsikia akifungua mfereji na kuufunga. Nilidhani anampigia simu meneja wangu, na kichwani nilikwisha kuanza kutafuta nyumba nyingine na kabati jingine. Aliporudi alisema tu kwamba jioni atanipeleka stesheni kwa gari, kwa sababu mvua imekaza.

Tulisimama kwenye taa ya kwanza ya barabarani. Vifuta kioo vilikuwa vinalia. Mimi nilikaa na mkoba mapajani nikisubiri kufukuzwa kwa Kiingereza cha adabu.

"Alikueleza lini?" aliuliza. "Habari za ofisini."

"Siku uliyotuambia tuweke ile ya nyota tano."

Akaitikia kwa kichwa. Taa ikawa ya kijani, hakuondoka, aliye nyuma akapiga honi.

"Nilikuwa na miaka tisa," alisema tulipokuwa tunakwenda. "Shuleni waliniita jina lile lile. La yule wa kiwanda. Kila Jumatatu, darasa zima. Mimi nilikuwa napiga magoti nawainamia kama yeye, wanacheka, wananiacha nicheze nao mpira. Sikumwambia mtu nyumbani." Alikata kona. "Jumapili nilikuwa nakaa chini, kwenye zulia, namwangalia baba. Nikimwona anacheka, najiambia, basi si jambo baya. Kama baba anaona linachekesha, basi mimi ndiye sielewi. Nilijilazimisha nielewe."

"Ukaelewa?"

"Nikamnunulia mkanda wake wa kwanza kwa siku yake ya kuzaliwa. Wakati ule ilikuwa mikanda."

Sikumwambia pole. Sikuipata ya kumpa. Nilimwona mtoto wa miaka tisa kwenye zulia, kweli nilimwona, lakini nilimwona pia mtu mzima aliyeweka nyota kwenye karatasi, akaifunika plastiki, akanipa mimi nimnyweshe mama yake kama dawa. Ningeweza kumhurumia mmoja wao. Wote wawili kwa siku moja walikuwa wengi mno kwangu, na mvua ile, na miguu yangu iliyochoka.

"Mama yako anacheka sasa," nilimwambia tulipofika stesheni. "Hicho ndicho ulichonituma. Ukitaka asicheke, mrudishie yale maneno ya televisheni."

Nilifunga mlango wa gari kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Sikufukuzwa. Jumatatu, ile karatasi ya plastiki tuliyokuwa tumeibandika kando ya televisheni haikuwepo tena ukutani. Hakuitaja, nami sikuiuliza. Jumamosi iliyofuata aliniomba nije saa mbili za ziada, na nilipofika nilimkuta ametoa diski zote kwenye kabati na kuzipakia kwenye maboksi manne. Mama yake alikuwa anasimamia kutoka kwenye kiti chake. Alitaka kabati liwekwe shali zake na albamu za picha, ambazo miaka yote zilikaa chini ya kitanda kwa sababu kabati lilikuwa na kazi muhimu zaidi.

Mimi na mwanawe tuliyabeba maboksi mpaka duka la hisani lililo karibu, lile ambalo watu hupeleka vitu vyao vya zamani viuzwe. Mama mmoja wa Kiingereza, mzee, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo, alifungua boksi la kwanza. Alichukua diski ya juu, akaigeuza, akairudisha.

"Oo, hizi," alisema. "Samahani sana. Hatuzipokei tena. Hakuna mtu anayezitaka."

"Ni vichekesho mashuhuri," alisema daktari wa meno. Alisema kwa mazoea. Sidhani alijisikia.

"Najua, mpenzi," yule mama alisema. "Mume wangu alikuwa nazo zote. Mimi mwenyewe sikuwahi kuona kinachochekesha."

Tulisimama pale, maboksi manne miguuni, watu wanatupita kuingia na kutoka. Ndipo nilipocheka. Nilicheka mpaka nikashika mlango. Daktari wa meno alinitazama, akamtazama yule mama, na hakucheka. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alisimama mahali watu wanacheka akabaki na uso wake mwenyewe, na sikuwa na la kumdharau kwa hilo.

Tulizipeleka mahali pa kutupia taka za manispaa. Boksi la mwisho alilibeba peke yake.